Anti wa Mezani: Ramen, katsu, kari na hicho kilichojificha kwenye supu

Toleo lililopita nilisema niulizeni kuhusu migahawa ya Kijapani ya kawaida, ile ya kukaa, kula na kushiba, siyo ile ya kuvaa suti na kusubiri mpishi akukatie kipande kimoja cha samaki. Jamani, meseji zimemiminika. Nimechagua zile ambazo naona zitawasaidia wengi, waliobaki mnisamehe, nafasi ndo hii tu.

Anti shikamoo. Ofisini tumepanga kwenda kula kwenye mgahawa wa Kijapani. Nimeangalia menyu yao nimeona ramen, katsu, donburi, gyoza, sijui nini, sijaelewa hata kimoja. Samaki mbichi mi siwezi kabisa, hata harufu. Nisingizie naumwa au niende? – Mgeni wa Menyu

Marahaba mwanangu. Nenda, tena wahi siti. Hiyo ya samaki mbichi ni sushi na sashimi, ukoo mwingine kabisa, na kwenye migahawa ya aina hii mara nyingi vinakuwa pembeni ya menyu au havipo. Huko unakokwenda ni chakula cha watu waliotoka kazini wana njaa, wanafunzi, familia yenye watoto wawili wanaogombana, chakula cha moto, kimekaangwa au kiko kwenye supu.

Nikupitishe haraka. Donburi ni bakuli la wali wa moto, juu yake wameweka kitu na mchuzi wake: gyudon ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba sana imepikwa na kitunguu, soya na sukari kidogo, oyakodon ni kuku na yai. Katsu ni kipande cha nyama kilichopondwa kikapitishwa kwenye unga, yai, halafu chenga za mkate kubwa kubwa wanazoita panko, kikazamishwa kwenye mafuta ya moto, inayojulikana zaidi ni ya nguruwe ila siku hizi ya kuku iko kila mahali. Karaage ni vipande vya kuku vilivyolowekwa kwenye soya, tangawizi na kitunguu saumu kisha vikakaangwa. Gyoza ni vifuko vya unga mwembamba vyenye nyama na kabichi ndani, vinakaangwa upande mmoja tu, mpishi anatia maji kidogo anafunika, vinamalizikia kwenye mvuke, ndo maana chini vinakauka vizuri na juu vinateleza. Ramen ni tambi kwenye supu, na hiyo nitaizungumza sana leo kwa hiyo tulia.

Kwa mara ya kwanza agiza kari ya katsu ya kuku. Mchuzi mzito wa kahawia, utamu kwa mbali, pilipili kidogo tu, wali pembeni, na inaliwa kwa kijiko kwa hiyo hakuna wa kukucheka na vijiti. Ukiona kwenye menyu sashimi, poke au tataki ruka (tataki wanaibabua nje tu, ndani bado mbichi). Hayo tu, usisingizie kuumwa.

Asalaam alaykum Anti. Mimi ni Muislamu. Nilienda na marafiki, nikaona ramen ya kuku, nikauliza kama ina nguruwe nikaambiwa haina, nikala nikafurahi. Baadae rafiki yangu mmoja akaniambia hiyo supu huwezi jua. Sasa roho inanisuta. Nawezaje kuwa na uhakika siku nyingine? – Ummu S.

Waalaykum salaam dada yangu. Kuhusu kilichopita, umeuliza ukajibiwa, hukumu yake mimi si shekhe, mwulize anayejua dini. Mi nitakwambia mambo ya jikoni.

Shida ni kwamba ulipouliza "kuna nguruwe?" mhudumu kaangalia kilichokaa juu ya tambi. Kuku, yai, kitunguu, hamna nguruwe, kakujibu kwa moyo mweupe. Lakini simama siku moja kwenye kaunta uangalie bakuli moja linavyotengenezwa. Kwanza mpishi anachota upawa mdogo wa kitu cheusi anamwaga chini ya bakuli tupu, hiyo ni tare, ndo yenye chumvi yote na ladha. Halafu kijiko cha mafuta ya kunukia. Halafu supu ya moto kutoka kwenye sufuria kubwa lililochemka tangu asubuhi au tangu jana. Anakung'uta tambi kwenye chujio, pa pa pa, anazilaza, mwisho ndo anapanga vile vya juu ambavyo wewe unaviona kwenye picha. Kwa hiyo kabla kuku hajafika kuna sehemu tatu ambazo hujaziuliza.

Supu: sehemu nyingi wanachanganya mifupa ya kuku na ya nguruwe kwenye sufuria moja, hata kama dishi linaitwa la kuku. Tonkotsu ndo nguruwe tupu, mifupa inachemshwa kwa moto mkali masaa mengi mpaka uroto na mafuta vinavurugika na maji, supu inakuwa nyeupe nzito, ni ya huko Fukuoka. Usichanganye na tonkatsu ambayo ni nguruwe wa kukaanga, na tonjiru ni supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa) yenye nguruwe, kwa kifupi ukiona "ton" mwanzoni kaa mbali. Ila si kila supu nyeupe ni haramu, ipo ya kuku watupu inayochemshwa vile vile, wanaiita tori paitan, hiyo itafute.

Tare: humo mara nyingi kuna sake, yaani pombe ya mchele, na mirin. Mirin ni kikolezo kitamu cha mchele na ile ya kweli ina kilevi kama asilimia 14, wakati ipo nyingine ya kuigiza ambayo kilevi chake hakifiki asilimia 1. Sosi ya teriyaki nayo hivyo hivyo, na karaage nyingi zinalowekwa kwenye sake kidogo. Watu wanasema kinakuwa kimeshachemka kikaisha, hilo tena ni la kumwuliza shekhe siyo mpishi, na wala siyo mimi.

Mafuta: yale ya kunukia ya juu yanaweza kuwa ya nguruwe. Mafuta ya kukaangia je? Kama katsu ya nguruwe na ya kuku zinaingia kwenye karai moja, basi imekula kwako. Gyoza karibu zote ndani ni nguruwe isipokuwa wameandika vingine. Hata kari, baadhi ya vile vitofali vya kupikia mchuzi vina mafuta ya wanyama.

Kwa hiyo siku nyingine usiulize kama kuna nguruwe. Uliza hivi: supu hii imechemshwa na mifupa ya nini? Kwenye kikolezo kuna mirin au sake? Mnakaanga kuku na nguruwe kwenye mafuta mamoja? Mhudumu akianza kubabaika mwambie akamwulize mpishi, anayejua atakujibu bila kufikiri. Na kama mgahawa una cheti cha halali uombe kukiona, usijali watu wa meza ya pili wanavyokuangalia.

Anti hebu tuamulie. Mimi na mume wangu tulienda kula, ramen yake ikaja mapema, katsu yangu ikachelewa sana. Akaanza kula bila kunisubiri, halafu anavuta tambi kwa kelele mpaka nikaona aibu. Nimemnunia mpaka leo. – Mke Mwenye Haki

Mdogo wangu, hapa huna haki hata kidogo, samahani.

Tambi za ramen zinakandwa na maji yenye madini ya chumvichumvi wanayoita kansui, ndo yanazipa ule umanjano na zile nguvu za kurudi ukizivuta. Lakini zikishaingia kwenye supu ya moto saa imeanza kuhesabu, zinaendelea kunywa supu na kuvimba, ukichelewa unakula uji. Mumeo angekusubiri katsu yako ikaangwe, ipumzike, ikatwe, angekula kitu ambacho mpishi mwenyewe angekikataa. Migahawa mingi ya namna hii chakula kinaletwa kikiwa tayari, hawasubiri cha mwenzio. Wagamama, migahawa iliyoanzia London mwaka 1992, wamejulikana kwa mtindo huo, na meza zao ndefu za kukaa na watu usiowajua. Wenye kutaka vyote vije pamoja wamwambie mhudumu wakati wa kuoda, wengine watajaribu.

Na kelele nazo ziko sawa. Ukivuta tambi na hewa inaingia, zinapoa kidogo kabla hazijakuunguza na harufu inapanda puani vizuri. Kwa Wajapani kwenye tambi hiyo siyo utovu wa adabu. Kutafuna mdomo wazi ndo mbaya, kama alikuwa anafanya hivyo basi endelea kununa kidogo.

Ujanja ni huu, agizeni gyoza au edamame (soya changa kwenye maganda yake) za kushea zije kwanza, mtakuwa na kitu cha kutafuna wote.

Vijiti vinanishinda. Naweza kuomba uma? – Mikono Mizito

Omba, hakuna atakayekuzuia. Ila hata ukiwa unajifunza kumbuka mawili: usivisimamishe vijiti katikati ya bakuli la wali, na usimpokeze mwenzio chakula kijiti kwa kijiti. Vyote viwili Japani ni mambo ya msiba, wali wenye vijiti vilivyosimama anawekewa marehemu, na mifupa baada ya kuchoma maiti ndo inapokezanwa vile. Ukitaka kumwonjesha mtu mwekee kwenye kisahani chake. Bakuli dogo la supu ya miso linyanyue kwa mkono unywe moja kwa moja, kijiko hakihitajiki.

Anti, mchumba wangu aliwahi kukaa Japani, sasa tukienda kula kila kinacholetwa ni feki. Kari siyo ya Kijapani, mayonezi haiwekwi, jibini kwenye katsu ni dhambi. Nachoka. Ana ukweli wowote? – Nimechoka na Mjuaji

Pole dada. Mpe hili asome akiwa hajashika vijiti.

Kwa miaka mingi sana Wajapani wengi hawakuwa wakila nyama ya mifugo, mpaka mwaka 1872 ikatangazwa kwamba mfalme Meiji mwenyewe anakula nyama, na hapo ndo nchi ikaanza kufungua mdomo. Katsu imetokana na nyama ya kukaanga ya Kizungu, na Rengatei, mgahawa wa Ginza jijini Tokyo, ndo unaotajwa sana kuianza ile ya nguruwe mwaka 1899. Kari ilifika kipindi hicho hicho cha Meiji kupitia Waingereza, siyo moja kwa moja kutoka India, ndo maana ni nzito ya unga. Jeshi la maji likaipenda kwa sababu ni rahisi kupikia watu wengi na inachukua nyama na mboga humo humo, kitabu chao cha mapishi cha mwaka 1908 kina kari na wali, na mpaka leo mabaharia wa Japani wanakula kari Ijumaa. Ramen imetoka kwa Wachina, duka la Rairaiken la Asakusa, Tokyo, la mwaka 1910 ndo wanalolitaja wengi kwamba liliipa umaarufu. Gyoza Wachina tena, zikaenea baada ya Vita vya Pili wanajeshi na familia zao waliporudi kutoka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Hata ile ramen ya paketi, Momofuku Ando aliitoa mwaka 1958, ni ya juzi tu.

Mayonezi? Kewpie inatengenezwa Japani tangu 1925 na inamwagwa kwenye okonomiyaki (chapati nene ya kabichi) na takoyaki (madonge ya unga yenye pweza) bila aibu. Na katsu yenye jibini ndani inauzwa huko huko alikokaa. Kwa hiyo akianza tena mwulize asili anaanzia mwaka gani.

Ila nisimwonee, kuna kitu kimoja yuko sahihi hata kama hakukisema: kuna majiko yanayojificha nyuma ya neno Kijapani. Mi naangaliaga katsu. Ikija imezamishwa kwenye mchuzi yote, ukoko umeshalowa kabla hujagusa, hao hawajali. Wanaojali wanamwaga mchuzi upande mmoja, upande mwingine unaachwa mkavu, ukikata unasikia. Supu ya ramen ikija vuguvugu irudishe. Na menyu yenye dishi mia moja, sushi na ramen na pad thai na baga, hapo mi nakunywa chai naondoka.

Nina aleji ya samaki, siyo kidogo, nishawahi kulazwa. Je nikiagiza vya mboga tu nitakuwa salama? – Nakaa Mbali na Samaki

Hapana kaka, na nimefurahi umeuliza kabla ya kwenda. Chini ya karibu kila kitu cha Kijapani kuna dashi, maji yaliyolowekwa mwani mkavu wa kombu na vinyweleo (vipande vyembamba kama karatasi) vya samaki aliyekaushwa kwa moshi, katsuobushi. Profesa Kikunae Ikeda mwaka 1908 aliutoa utamu wake kwenye huo mwani, akaonyesha unatokana na glutamati, akaupa jina umami. Sasa hiyo dashi iko kwenye supu ya miso, kwenye supu ya tambi za udon na soba, kwenye mchuzi wa gyudon na oyakodon, hata kwenye biringanya la kuchoma lililoandikwa mboga. Samaki haonekani wala hanuki. Kwenye okonomiyaki angalau utamwona, vile vinyweleo vinamwagwa juu na mvuke unavichezesha kama viko hai.

Kwa aleji ya kulazwa usimwachie mhudumu peke yake. Piga simu saa ambayo hawajajaa, ongea na jikoni, sema aleji siyo sipendi. Kombu peke yake inaweza kutengeneza dashi bila samaki, majiko ya mboga halisi yanafanya hivyo. Dawa zako ziwe mfukoni. Na kama jibu ni "nadhani haina" kula kwingine.

Wenye shida ya ngano nao wajue sosi ya soya ya kawaida imetengenezwa na ngano, na tambi za soba nyingi zimechanganywa na ngano ingawa zinasifiwa kwa unga mwingine.

Baba yangu ana presha na kisha ameipenda ramen kuliko sisi watoto. Tumkataze? Na mke wangu ni mjamzito, lile yai lenye kiini kinachotiririka anaruhusiwa? – Kijana wa Katikati

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na bakuli moja la ramen ukilimaliza na supu yote linaweza kuzipita hizo hapo hapo mezani. Lakini chumvi nyingi iko kwenye supu kwa hiyo mzee ale tambi na vya juu, supu aonje vijiko vichache aache. Hakuna mpishi atakayekasirika, hata Japani wengi wanaiacha. Mwambieni mhudumu apunguze tare. Asiongeze supu ya miso pembeni, na soya asimwage juu ya wali mweupe. Mara ngapi kwa mwezi, daktari wake ndo aseme.

Mkeo aombe yai lililoiva kabisa au aliache. Japani mayai yanaandaliwa ikijulikana kwamba yataliwa mabichi, kwingine siyo lazima iwe hivyo, na mimba siyo wakati wa kubahatisha. Kwenye katsudon (donburi ya katsu) pia yai la juu huwa limeshikana nusu nusu tu, amwambie mpishi aliivishe. Hongera lakini!

Nikibeba ramen kwenda nayo nyumbani inafika imeharibika. Kuna njia? – Mbeba Mabaki

Iombe tambi zake mbali supu yake mbali, na tambi wazitoe mapema kidogo zikiwa bado ngumu. Ukifika chemsha supu mpaka itokote, bakuli lisuuze kwa maji ya moto ndo tambi ziingie, zikigandana zipitishe kwenye maji yanayochemka sekunde chache tu. Katsu toboa kifuniko mvuke utoke, mchuzi uwe kwenye kikopo chake. Tempura (mboga au kamba wa kukaanga kwenye uji mwepesi wa unga) usibebe kabisa, kula pale pale. Kari ndo haina shida, kesho yake inakuwa tamu zaidi, ila itie kwenye friji mapema ikiwa kwenye chombo kipana ipoe haraka, usiiache kwenye sufuria jikoni usiku kucha eti utaipasha asubuhi, kuna bakteria wanaoupenda sana mchuzi mzito unaopoa polepole na kuupasha siyo lazima kuwe dawa.